Mzambarau wa Mlangoni

Mpaka leo watu wa Nyakivumu hawajakubaliana moto ule ulianzia wapi. Wapo wanaosema ulivuka kutoka upande wa Mabamba, wapo wanaosema ni wawindaji wa ndezi, na wapo waliosema ni wa Fidele, na hao wa mwisho ndio waliotaka kumfukuza mjane wake. Wasichobishania ni kwamba ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2013, siku ya soko, jua la saa nane, na kwamba aliyeunusa wa kwanza alikuwa Melkiadi.

Melkiadi alikuwa mrina asali tangu hajaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa nyeupe. Siku hiyo alikaa nje kwake akichonga mfuniko wa mzinga. Shoka likasimama hewani.

"Mama Devota," akamwita mkewe, Immakulata. "Hebu toka unuse."

Immakulata akatoka jikoni na mwiko mkononi. Moshi wa nyasi huwasha macho tu, lakini wa miti hukaa kooni, na kila aliyekulia kwenye vilima vile anaujua.

"Wa miti," akasema. "Tena unakuja huku."

Wakasimama wote wawili kutazama msituni. Juu ya miyombo mwewe walikuwa wengi kuliko kawaida, wanapanda na kushuka, wanadaka panzi wanaokimbia moto. Mwewe wakiwa kumi, moto uko mbali. Melkiadi hakuweza kuwahesabu.

Mwenyekiti wa kijiji, Bazilio, akapuliza filimbi. Bazilio alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi, lakini siku hiyo alikimbia kama wengine. Watu wakatoka majumbani na majembe, mapanga na ndoo. Kudra, mama anayeuza maandazi karibu na shule, akamwona jirani yake amebeba ndoo mbili za maji, moja kila mkono.

"We Pasikali, unakwenda kumwogesha nani huko? Weka maji chini, shika tawi!"

Maana moto wa msitu haumwagiwi maji. Maji yenyewe yako wapi mwezi wa tisa? Unapigwa kwa matawi mabichi. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mwezi huo hakuna kibichi. Nyasi zimekuwa njano, migomba imenyauka, miti imepukutika. Kibichi kilikuwa kimoja tu karibu: mzambarau pori ulioota pale njia ya msituni inapoanza, ng'ambo ya korongo, mahali wanapopaita Mlangoni. Mti mfupi, wenye majani mazito ya kijani mwaka mzima. Watu wote wakaukimbilia ule.

Inabidi nieleze huu mti, la sivyo mengine hayataeleweka.

Warina asali wa Nyakivumu walikuwa saba. Kila anayeingia msituni kwenye mizinga yake hufunga ukanda wa gome kwenye tawi la mzambarau huo, na akitoka anaufungua. Kila mmoja na tawi lake. Ukiona kanda mbili, watu wawili wako ndani. Jua likizama na ukanda bado upo, wenzake wanakwenda kumtafuta, maana huenda ameanguka mtini, amevunjika kiuno, amelala huko anang'atwa. Baba yake Melkiadi aliokolewa hivyo. Kwa moto pia ilikuwa sheria: hakuna kuwasha chochote kabla ya kuutazama mzambarau.

Na sheria ya pili, ambayo nayo ni ya baba zao: mwanamke haambiwi. Mwanamke hakanyagi kwenye mizinga, hashiki kienge kile cha kufukizia nyuki, na haelezwi kanda zile ni za nini. Walisema akijua, nyuki watahama. Wanawake wa Nyakivumu walipita pale kila siku kwenda kuokota kuni na kuchuma matunda ya mbula, wakaona vipande vya magome vinaning'inia, wakajua ni mambo ya wanaume, wakapita.

Fidele alikuwa mrina wa saba, tena mgeni. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa huku huku, Kumsenga, penye soko, lakini karatasi hakuwa nayo, na kwa watu alikuwa Mrundi tu. Melkiadi ndiye aliyemfundisha kazi. Fidele hakuwahi kuweza kuchuna gome likatoka refu, lilimkatikia mkononi. Basi akawa anafunga kipande cha chandarua kuukuu, cha buluu. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Fidele, nyuki wako wanaugua malaria?"

"Ndiyo, mutama," Fidele humjibu Melkiadi huku akicheka naye, akimwita mzee kwa lugha ya kwao, ambayo haiko mbali na Kiha cha wenyeji. "Wanatetemeka kweli."

Sasa rudi kwenye moto.

Immakulata alikuwa na mguu mwepesi kuliko mumewe, akafika Mlangoni kabla yake. Wanawake walikuwa wameuvamia mzambarau kama mbuzi. Akavunja tawi lake, akavunja na jingine la kumpa mumewe, akamkuta njiani anahema, akamtia mkononi.

"Shika."

Akashika. Chini ya kiganja alisikia kitu laini. Akadhani mkewe amemviringishia kitambaa asichubuke, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, miaka yote ile, mtu wa kufikiria mambo madogo kama hayo. Hakutazama. Nani angetazama? Moto ulishafika mgongo wa pili wa kilima, na mlio wake ulikuwa wa malori yakipanda mlima na mzigo.

Walipiga. Walipiga kandokando ya korongo kwa muda ambao hakuna aliyeupima. Panya walipita katikati ya miguu yao. Ndimi za moto zilikuwa zinaruka kutoka kilele cha mti mmoja hadi kingine bila kugusa chini, na moto wa namna hiyo haupigwi kwa tawi. Nyuma yao zilikuwa nyumba za nyasi mia na ushei, na shule.

"Mzee," Bazilio akamshika Melkiadi bega. "Tuupokee."

Kuupokea moto ni hivi. Unawasha moto wako mwenyewe, mdogo, kwenye ukingo wa njia, mbele ya ule mkubwa. Ule mkubwa unavuta upepo, unauvuta na huu wako kwenda kwake, inakutana katikati, inakosa cha kula, inakufa. Ukiwasha mapema, unageuka unakula kijiji. Ukichelewa, hakuna tena cha kuwasha. Kijijini aliyejua saa yake ni Melkiadi peke yake.

"Nani yuko ndani?" Melkiadi akauliza.

Warina waliokuwepo walikuwa sita. Fidele hayupo.

"Yuko soko la Kumsenga," akasema Pasikali, naye mrina. "Mkewe nimempita asubuhi barabarani na dumu la asali. Lazima wako pamoja."

Melkiadi akakimbia mpaka kwenye mzambarau. Moshi ulikuwa mzito, macho yanamtoka machozi. Akautazama wote. Hakuna gome, hakuna kitambaa. Aliyaona pia majeraha meupe mahali matawi yalipovunjwa, mengi, utomvu bado unatoka. Aliyaona vizuri. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye: kwamba aliyaona, na kichwa chake hakikuunganisha.

"Mzee, washa!" Bazilio akapiga kelele. "Watoto wako shule!"

Melkiadi akawasha.

Akauendesha moto wake kwenye ukingo wa njia, hatua mia mbili kwenda juu na mia mbili kushuka, akikokota kienge cha nyasi huku wengine wanafuata nyuma wakipiga usirudi. Ukasita kidogo. Kisha ukavutwa. Ukaondoka miguuni mwao kwa kasi, ukaingia msituni, na watu wakapiga vigelegele.

Katikati ya vigelegele kulikuwa na sauti. Kudra alisema ni mtu. Wengine wakasema ni pongo, pongo akiungua hulia kama mtu. Melkiadi aliisikia.

Mioto miwili ilikutana, ikafa. Hakuna nyumba iliyoungua. Wakakaa chini hapo hapo kwenye majivu, nyuso nyeusi, watu wanacheka bila sababu, Kudra anagawa maandazi yaliyobaki bila kudai kitu.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Esteri, mke wa Fidele, alipotokea kwenye barabara ya Kumsenga, dumu tupu kichwani na mtoto mgongoni. Akaona moshi, akaongeza mwendo. Alipofika hakuuliza habari za nyumba.

"Fidele yuko wapi?"

"Si mlikuwa naye sokoni?" akasema Bazilio.

"Sokoni nimekwenda na mtoto. Yeye yuko kwenye mizinga. Tumeachana hapo asubuhi." Akanyoosha kidole Mlangoni. "Amefunga kitambaa chake kwenye mzambarau, nimemwona kwa macho yangu."

Wanaume wakatazamana. Hata saa hiyo, hata wakiwa na majivu midomoni, kitu cha kwanza kilichowapitia baadhi yao akilini kilikuwa: huyu mwanamke amejuaje? Melkiadi mwenyewe kilimpitia. Kisha akainuka, akaingia msituni bila kumngoja mtu, udongo ukimwunguza nyayo kupitia ndala.

Walimkuta hatua themanini tu kutoka Mlangoni. Alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kikielekea kijijini. Alikimbia moto mkubwa akiwa na njia mbele yake, na njia ikafungwa. Kamba ya kupandia ilikuwa bado kiunoni. Walipomgeuza, upande uliolalia udongo shati lilikuwa zima, na vifungo vyake.

Esteri hakupiga ukunga. Alisema tu mara moja, "Mana yanje," Mungu wangu kwa lugha ya kwao, akakaa.

*

Mazishi yalikuwa kesho yake. Siku ya tatu maneno yakaanza.

Kwanza yalikuwa madogo. Kwamba marehemu hakufunga alama. Mtu mzembe, Mungu amsamehe. Halafu yakakua: kama alikuwa ndani anarina, basi alikuwa na kienge, na kama alikuwa na kienge, moto umetoka wapi kwingine? Kila aliyelirudia alionekana kupumua vizuri zaidi baada ya kulisema. Walikuwa wamepiga vigelegele mtu akiungua. Ilikuwa nafuu kubwa kuambiwa kwamba alijiunguza mwenyewe.

Na mwaka ule ulikuwa wa operesheni. Magari yalipita vijijini Kibondo na Kasulu, watu wasio na karatasi wanarudishwa kwao, hata wale ambao kwao hawajawahi kupaona. Mtu kama Esteri, aliyezaliwa huku bila karatasi kama mumewe, alikuwa na kinga moja tu, barua ya mwenyekiti yenye muhuri, kusema huyu ni wetu, analima kwetu, hana tatizo. Bila barua ile, ni kupandishwa gari mpaka mpakani Mabamba na watoto watatu.

"Mimi nitaandikaje 'hana tatizo'?" Bazilio alimwambia Melkiadi, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji. "Mumewe katuchomea msitu. Wakija wakaulizia, niseme nini? Jumamosi tutakaa, wananchi waamue."

"Hatujui kama ni yeye."

"Alifunga alama?"

"Sikuiona."

"Basi."

Melkiadi akarudi nyumbani. Immakulata alikuwa jikoni anawasha moto wa ugali. Matawi yale waliyopigia moto alikuwa ameyakusanya yote mawili, yamekauka sasa, yanafaa kuwashia. Akalivunja la kwanza gotini. La pili likakataa. Lilikuwa limefungwa kitu shinani. Akalitupa pembeni achukue panga.

Melkiadi akaliokota.

Kilikuwa cheusi kwa masizi na jasho la mkono wake mwenyewe, lakini kwenye fundo, pale moshi haukuingia, kilikuwa cha buluu.

"Mama Devota. Hiki ulikifunga wewe?"

"Nikifunge nini? Kilikuwepo." Akageuka akamtazama. "Vipi, baba? Umepauka."

"Moshi."

Akatoka na tawi lile. Akalichomeka juu, kati ya nyasi za paa la banda la mbuzi, akakaa chini yake.

Alikuwa amekishika. Mchana ule wote, wakati anauliza nani yuko ndani, wakati anautazama mzambarau huku macho yanalia, jibu lilikuwa kwenye kiganja chake cha kulia. Na kabla ya kiganja chake lilikuwa kwenye mkono wa Immakulata. Angemwambiaje? Mwanamke anayelia kuku akifa. Akisema mkutanoni, watu watauliza nani alivunja, na watu wakishaambiwa hawanyamazi: mke wa Melkiadi ndiye aliyemuua yule Mrundi. Watalisema kisimani, watalisema kanisani. Asiposema, Esteri anapandishwa gari.

Siku mbili hakula chakula cha maana. Immakulata alitenga, akaondoa, akatenga tena.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi unaficha."

"Sifichi kitu."

"Haya," akasema, akachukua sahani akawamwagia kuku.

Katika siku hizo mbili watu walikuwa tayari wanaingia msituni na viroba. Magogo yaliyoungua yanatoa mkaa wa bure. Njia ile ya Mlangoni ilijaa baiskeli, zinapita mahali Fidele alipolala, na mahali pale hapakuwa na alama yoyote. Melkiadi naye aliingia siku moja kutazama mizinga yake. Arobaini na mbili. Mingine ilining'inia bado, imetoboka, nta imetiririka kwenye gome ikaganda na nyuki ndani yake. Hakupata hata mmoja wenye mlio.

*

Jumamosi watu walikaa kwenye uwanja wa shule, wanaume mbele kwenye madawati, wanawake chini pembeni. Esteri alikuwa peke yake katikati, mtoto mdogo mapajani. Hakuna aliyempangia akae pale. Nafasi ilijitengeneza yenyewe kumzunguka.

Bazilio alizungumza muda mrefu, juu ya msitu, juu ya mizinga, juu ya kijiji kilivyopokea wageni kwa roho safi. Kisha akamgeukia.

"Mama, una la kusema?"

Esteri akasimama. "Mume wangu hakuwa na moto. Alikwenda kutundika, si kurina. Mizinga miwili mipya alibeba, watu walimwona nayo. Na kitambaa alifunga."

"Kitambaa, kitambaa," akasema Pasikali. "Wewe kitambaa umekijulia wapi? Hayo ni mambo ya wanawake?"

"Aliniambia."

Madawati yakavuma. Mzee mmoja akatema mate pembeni. "Ndiyo haya! Kamwambia mwanamke! Mnashangaa nini msitu kuungua?"

"Aliniambia ili akichelewa nijue pa kuanzia kulia," akasema Esteri. "Kuna ubaya?"

Melkiadi akainuka. Alikuwa ameliweka tawi kwenye gunia. Akalitoa, akatembea mpaka mezani kwa mwenyekiti, akaliweka juu ya daftari lake.

"Fidele alifunga," akasema. "Hiki hapa. Kila mrina hapa anakijua, mlikicheka sana. Nilivunja tawi hili mimi, katika haraka zile, sikutazama. Nikalipigia moto. Halafu nikaja kuangalia mti, nikasema hakuna mtu, nikawasha. Kama kuna mzembe, ndiye mimi. Huyu mama muandikieni barua yake."

Bazilio akaligusa fundo kwa ncha ya kalamu, kana kwamba lingemng'ata.

"Mzee Melkiadi," akasema taratibu, "umri... moshi ule ulituingia sote. Huenda kitambaa ni cha siku nyingine. Usijitwishe—"

"Anasema uongo."

Alikuwa Immakulata. Alikuwa amesimama kati ya wanawake, kanga imemtelemka begani na hajali.

"Tawi hakuvunja yeye. Nilivunja mimi. Lake na langu. Nikamkuta njiani nikampa."

"Kaa chini, Mama Devota," Melkiadi akamwambia.

"Sikai." Hakumtazama mwenyekiti, alimtazama mumewe. "Ndiyo maana hukuli. Hiki ndicho ulichokificha kwenye banda la mbuzi." Akavuta pumzi. "Nilikiona kile kitambaa. Nilipovunja, nilikiona. Nikasema moyoni, ni takataka za wanaume. Kikawa kinafaa kushikia, nikakusogezea wewe upande wenye kitambaa. Ungeniambia maana yake, ningekiacha. Ningepiga moto kwa kanga yangu."

"Ilikuwa sheria," akasema Melkiadi.

"Miaka arobaini na moja nimekupikia. Huyu," akamwonyesha Esteri kwa kidevu, "ameolewa miaka tisa, na Mrundi, na ameambiwa. Mimi hukuniambia." Akawageukia wanawake wenzake. "Nyie mliambiwa? Kudra, uliambiwa? Wewe? Tuliuvunja mti wote ule, matawi yote saba. Kama wangekuwa ndani saba, tungewachoma saba."

Kudra, ambaye hakukosa neno hata msibani, alikuwa anautazama mkono wake.

Bazilio aliandika barua pale pale, maana hakujua jingine la kufanya. Aliandika pole pole, akapiga muhuri, akaupulizia ukauke. Kuhusu moto ulipoanzia hakusema tena kitu siku hiyo. Esteri akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, midomo ikitembea, akaikunja akaiweka kifuani. Hakusema asante.

Watu walidhani ataondoka. Wengine nadhani waliombea hivyo, kwa kuwa ni vigumu kuamkia kila siku mtu uliyemchoma mumewe. Hakuondoka. Alikuwa na shamba la mihogo na watoto watatu, na huko wanakosema ni kwao hakujua hata njia ya kisimani. Akalima. Akipita mbele ya nyumba ya Melkiadi, akimkuta Immakulata humwamkia, "Mwakeye," na Immakulata anaitika. Akimkuta Melkiadi, anapita bila kumwamkia.

*

Mvua zilichelewa, zikaja mwezi wa kumi na moja. Mzambarau ukachipua kutoka kwenye majeraha yale, vichipukizi vyekundu vyekundu. Warina, sasa sita, walikaa kikao chao, wakakubaliana bila kubishana sana kwamba wanawake waelezwe. Nyuki si walishahama?

Melkiadi akamwendea mkewe asubuhi. Tangu ule mkutano walikuwa wanazungumza mambo ya nyumbani tu, chumvi na mbuzi na kuvuja kwa paa.

"Mama Devota, twende Mlangoni nikakuonyeshe."

Akaacha kupepeta maharage, akamfuata. Walifika. Melkiadi alikuwa amebeba ukanda wa gome. Akaanza kueleza, huku tawi la nani, huku la nani, ukiona hivi maana yake hivi.

"Najua," akasema Immakulata. "Esteri alishanionyesha. Ametuonyesha wote."

Melkiadi akaushusha ukanda. Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanguka kwenye majivu, na majivu yalikuwa yananuka upya kama siku ya kwanza.

"Sasa funga nione," akasema Immakulata.

Akafunga. Fundo likafunguka, akarudia mara mbili. Immakulata akasogea, akalivuta fundo kwa nguvu kama mtu anayejaribu kamba ya mbuzi, akaliona limeshika.

"Haya. Nenda."

Hakuwa na mzinga hata mmoja uliobaki mle ndani, na wote wawili walijua. Hapakuwa na cha kutundika wala cha kurina. Melkiadi alisimama pale akimtazama mkewe, akingoja aseme basi, turudi. Immakulata alikuwa ameshakaa kwenye jiwe, mgongo kwenye mzambarau, kanga kichwani kwa ajili ya mvua.

Akaingia. Alikwenda kwa njia ile, kati ya vigogo vyeusi, akihesabu hatua, na alipofika themanini, pale Fidele alipolala, akasimama.